Baiskeli ya ndizi nayo ni baiskeli

Wadau, hili linanikera. Mgeni akipanda vilima vya Karagwe kwa baiskeli wakati wa kiangazi, vumbi hadi kwenye kope, tunamwita mtalii. Mkulima wa Kyerwa akisukuma mikungu ya ndizi kwenye changarawe hiyohiyo, tunamwita maskini. Kwa nini?

Kwa wenzetu Kenya, Migration Gravel Race ilianza huko Maasai Mara mwaka 2021, vijana wa Afrika Mashariki wakachuana na wageni. Sisi tulizipandisha Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, kisha tukakaa kungoja magari ya watalii.

Mimi nasema: wekeni mbio, zawadi nono, na wabeba ndizi wapange mstari wa mbele. Au tunasubiri mzungu atuanzishie?