Anga la Usiku katika Ubao

Wapo wanaosema kwamba picha isiyoonyesha mtu, mti wala nyumba ni dhihaka kwa mtazamaji. Hatukubaliani nao, na shahidi wetu ni anga la usiku lilivyochongwa na Wajapani.

Zamani huko Japani picha ya ubao ilikuwa kazi ya mikono mingi: mmoja alichora, mwingine alichonga, wa tatu alipiga chapa, naye mchapishaji akagharimia na kuuza. Hiroshige alipotaka kutuonyesha usiku, alituwekea fataki, daraja na mashua, ili jicho lipate pa kushika. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alichora, akachonga na kupiga chapa mwenyewe picha ya mvuvi, na wengine wakaifuata njia hiyo. Onchi Koshiro akaisogeza hadi kwenye picha zisizo na umbo la kitu chochote.

Iwami Reika, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1927, alijifunza kwake. (Mwaka 1956 alikuwa pia miongoni mwa wanawake walioanzisha chama chao wenyewe cha wachapaji.) Alitumia vipande vya mbao vilivyotupwa ufukoni na bahari, akavipaka wino mweusi na kuvikandamiza katika karatasi, mishipa ya mti ikawa mawimbi. Juu ya weusi huo mara nyingi aliweka duara tu, pengine la dhahabu, pengine jeupe, lililoinuliwa katika karatasi bila wino wowote. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba ni mwezi.

Husemwa kwamba hata mtoto angeweza. Lakini katika ubao mweupe haupakwi. Ni karatasi iliyoachwa. Mchongaji huamua mapema mahali mwanga utakapobaki, na patasi ikiteleza, kosa halifutiki. Kweli, zipo picha za namna hii ambazo ni mapambo ya ukuta tu, nasi hatuzitetei. Ila anayeinua macho usiku wa giza haoni mtu wala nyumba, wala halalamiki kwamba amedanganywa.

Tena duara jeupe la Iwami halionekani vema kwa anayepita haraka, taa ikiliangaza usoni. Yafaa kusogea kando, mwanga uje kwa ubavu. Hapo ukingo wake hutupa kivuli chembamba, na mwezi huchomoza.