MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto Anayelia Bila Njaa

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hiyo niliiandika kwa hati nzuri katika daftari la shule, lakini maana yake sikuipata mpaka Jumamosi moja ya mvua, mke wangu alipokwenda matangani kwa shangazi yake akaniachia binti yetu wa miezi minane.

Kabla ya kuondoka aliniambia, "Baba Mwende, uji umo katika chupa ya chai, na nepi zimekwisha kauka. Usimwache peke yake." Nikajibu kwamba mtu awezaye kutunza majalada ya ofisi nzima hatashindwa na mtoto mmoja.

Ilipotimu saa nne asubuhi nilikuwa nimekwisha jua upumbavu wa maneno hayo. Mtoto alikuwa ameshiba, nguo zake kavu, homa hana. Hata hivyo alilia. Nilipombeba alinyamaza, nilipomweka mkekani nipate kusoma gazeti, akalia tena. Mwisho nikamwekea mbele simu yangu yenye picha zinazokwenda. Akatulia kama maji ya mtungini, nami nikajiona mwerevu. Lakini nilipomwita, "Mwende!" hakugeuka, hata mara ya tatu. Jambo hilo likanitia wasiwasi, nikaiondoa simu. Naye akapiga kelele iliyomleta jirani yetu, mama mzee aliyelea watoto saba.

Mama huyo hakunilaumu. Alimtazama mtoto, akasema, "Mwanangu, huyu haumwi. Amechoka kukaa bure, kama vile wewe ungechoka kukaa ofisini mchana kutwa bila kazi wala mtu wa kusema naye." Akaingia jikoni, akaleta sufuria ndogo na mwiko, akaketi mkekani. Alipiga sufuria mara mbili, akampa mtoto mwiko, akangoja. Mtoto akapiga mara moja. Mama akacheka, akapiga kwa kiganja. Mtoto naye akajibu. Wakaendelea hivyo muda mrefu, kama watu wawili wanaozungumza.

Hapo ndipo lilipo neno langu la juma hili. Mtoto aliyechoka hatafuti kitu, anatafuta mtu. Sufuria ile ilikuwapo jikoni tangu asubuhi, lakini haikuwa mchezo mpaka mtu alipoketi upande wa pili.

Tena jambo hili si maneno ya wazee peke yao. Mjini Kingston, nchi ya Jamaica, katika miaka ya 1986 na 1987, wataalamu walianza kuwachunguza watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma, kwa muda wa miaka 2, na wahudumu wa afya waliowaonyesha mama zao namna ya kucheza na kuzungumza nao, wakitumia vitu vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye watoto hao walitafutwa tena, nao ni watu wazima. Taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kwamba waliopata michezo hiyo walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Wewe mkulima, ni mbolea gani iletayo mavuno ya namna hiyo kwa gharama ndogo vile?

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mashauri mwaka 2019. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya picha za simu wala televisheni. Asifungwe mgongoni au kitini kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Na yule asiyeweza bado kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, mara chache chache, mpaka itimie nusu saa au zaidi kwa siku.

Basi yafaa nitaje michezo isiyogharimu hata senti moja.

Kwanza, funika uso wako kwa leso, kisha ufunue. Mtoto wa umri wa Mwende ndiyo kwanza anaanza kufahamu kwamba kilichofichwa bado kipo. Ndiyo sababu hucheka sana kikirudi.

Pili, tia katika kiondo gunzi la mahindi lililo safi, kijiko cha mbao, kikombe na kitambaa. Yeye amwage, wewe urudishe. Akivizoea, vifiche siku mbili. Ukivitoa tena atavipokea kama vipya.

Tatu, mchukue nje aone kuku na majani yakitikiswa na upepo, ukimtajia kila kitu kwa lugha ya nyumbani. Akitoa sauti, mjibu. Akigeuza uso au kufikicha macho, mchezo umemtosha, mwache apumzike.

Hapana budi niseme na kosa langu. Alasiri nilitaka kuonyesha ufundi, nikatia punje za mahindi katika chupa ndogo iwe kayamba, wala sikukaza kifuniko. Punde si punde kikafunguka, nami nikaona punje moja midomoni mwa mtoto. Niliiondoa kabla haijaingia, lakini mikono yangu ilitetemeka hata jioni. Punje, maharagwe na sarafu huweza kumkaba mtoto akafa. Betri ndogo ya duara ikimezwa huunguza koo. Kadhalika jiko, beseni la maji, na mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, vyote viwe mbali na mkono wake.

Mke wangu aliporudi alikuta vikombe chini ya meza, nami nimejinyosha mkekani pamoja na mtoto. Akauliza, "Baba Mwende, majalada yamekushinda?" Sikuwa na jibu.

Akina baba wenzangu, tumezoea kusema kwamba mtoto mchanga ni kazi ya mama na yaya. Tangu siku ile, nirudipo kazini, gazeti hungoja robo saa nami huketi mkekani. Na sasa nikiita mlangoni, "Mwende!" hugeuka kabla sijavua viatu.