Saa za Nyumbani Zina Mwenyewe

Mwezi uliopita binti yangu alinionyesha ujumbe katika simu yake. Binti huyu ana mtoto wa miezi mitano. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, kazi aliyoirithi kwangu kama wengine wanavyorithi pumu. Ujumbe ulitoka kwa mkuu wake wa kazi, umetumwa saa tatu na nusu usiku. Ulisema kwamba ifikapo mwisho wa mwezi kila mmoja katika idara awe amejifunza zana mpya ya kuandikia programu kwa msaada wa akili mnemba, awe amemaliza masomo yake yote kumi na manne, na kwamba masomo hayo yafanyike nje ya saa za kazi ili miradi isichelewe. Chini yake wenzake walikuwa wamejibu kwa picha za kidole gumba kilichosimama.

Nilimwuliza atasoma saa ngapi. Akasema, "Akishalala mtoto, baba." Nikamwuliza mtoto analala saa ngapi. Akacheka, nami nikacheka. Lakini alipokwisha kuondoka hasira ilinipanda, na haijashuka mpaka leo.

Ndugu msomaji, nisije nikaeleweka vibaya. Sina ugomvi na kujifunza. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na sijapata kuona mwaka usiokuwa na jambo jipya. Ugomvi wangu ni na wale waliotuaminisha kwamba kujifunza zana za kazi si kazi, kwamba ni jambo la mtu binafsi, kama kunyoa ndevu, la kufanywa nyumbani kwa muda wako na kwa umeme wako. Uongo huu umeenea hata sisi wenyewe tunauimba. Kijana asiyetaka kukesha huambiwa hana wito.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Nilianza mwaka 1991, Dar es Salaam, katika shirika moja ambalo sitalitaja. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ingawa amri ile ilikuwa imekwisha kulegezwa, mashine bado zilikuwa za kuhesabika. Ofisini kwetu zilikuwa tatu, katika chumba chenye zulia na kiyoyozi, na tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini. Mkuu wangu, mhasibu wa zamani aliyekuwa akiiogopa kompyuta waziwazi, alinipa kitabu kinene cha Clipper na kusema, "Una wiki sita. Usome hiki, halafu utengeneze orodha ya mishahara." Wiki sita nililipwa mshahara kwa kusoma. Ikifika saa tisa na nusu alasiri yeye hufunga chumba na kutia ufunguo mfukoni, nami nakwenda kupanga foleni ya daladala.

Hata kama ningetaka kusoma usiku nisingeweza, kwa maana nyumbani hapakuwa na mashine ya kujifunzia. Sikujua wakati ule kwamba mlango ule uliofungwa ulikuwa unanilinda.

Mwaka 1997 nilinunua kompyuta iliyotumika, nikaileta nyumbani Tabata. Majirani walikuja kuiangalia kama gari jipya. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, na sikuona kwamba siku ile nilikuwa nimemkabidhi mwajiri ufunguo wa nyumba yangu. Tangu hapo hakuna aliyenipa tena wiki sita. Niliulizwa tu, "Si unayo mashine nyumbani?" Mama watoto alikuwa akiiita mke mkubwa.

Binti yangu alizaliwa mwaka 1998, mwaka ule ule kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza kutozwa, mwezi wa Julai. Nilikesha usiku mwingi nikibadilisha programu za ankara. Usiku ule siulalamikii sana. Nchi inapoleta kodi mpya, programu haina budi kubadilika, na mtu mwingine angefanya vivyo hivyo. Ninaoulalamikia ni usiku mwingine, na sasa nitausimulia ingawa si rahisi.

Mwaka 2003 baba yangu aliletwa kwangu kutoka Marangu kwa matibabu. Miguu ilikuwa inavimba na moyo umechoka. Alikaa kwangu miezi saba. Wakati huo kampuni niliyokuwa nimehamia ilikuwa imeamua kwamba programu zetu zote, tulizoziandika kwa Visual Basic toleo la 6 la mwaka 1998, ziandikwe upya kwa Visual Basic mpya ya .NET iliyotoka mwaka 2002. Majina ni yale yale, lakini aliyeijua ya kwanza alilazimika kuanza karibu upya. Nikawa nasoma kila usiku, baba akiwa barazani na redio yake.

Baba alikuwa na jambo. Juu ya kihamba chetu, upande wa mfereji, mvua za El Niño zilikuwa zimekula ukingo na kung'oa masale ya mpaka. Yeye na mdogo wake walipanda mengine kwa makubaliano yao wawili, bila shahidi na bila maandishi. Baba mdogo alikuwa amekwisha kufariki. Usiku mmoja baba aliniita, "Njoo na daftari, nikuandikishe habari ya yale masale." Nikamjibu, "Kesho, baba, nimalizie hapa." Akasema, "Haya." Aliniita usiku wa pili na wa tatu, nami nikajibu yale yale. Usiku wa nne hakuniita.

Alifariki Machi 2004. Mwaka 2006 tulikuwa mbele ya baraza la kata, mimi na watoto wa baba mdogo, kila upande ukiapa kwa masale yake. Tulipoteza ukanda wa hatua kumi na mbili. Migomba iliyomo humo haifiki ishirini, na si hiyo inayoniuma. Kinachoniuma ni kwamba Krismasi kadhaa tulipita mlangoni kwao kwenda kanisani bila kusalimiana.

Na zile programu? Mwaka 2005 alikuja meneja mpya akaamua kila kitu kiwe katika intaneti, kiandikwe kwa PHP. Kazi yote ya .NET ikatupwa kabla haijakamilika. Haikuwahi kulipa mshahara wa mtu hata mmoja. Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba programu za lile toleo la 6 bado zinaweza kuendeshwa ndani ya Windows hata sasa. Hakuna aliyekuwa anatufukuza.

Mke wangu, nilipomsomea ukurasa huu, alisema: "Kampuni haikukukataza kuchukua daftari." Ni kweli, na nakubali. Kosa la usiku ule ni langu, wala simtupii mwajiri maneno aliyoniambia baba yangu. Lakini nauliza swali jingine: kwa nini kampuni iliweza kuanzisha kazi kubwa namna ile na kuitupa, bila mtu yeyote kuulizwa hasara imekuwa kiasi gani? Jibu ni kwamba katika vitabu vyao hasara ilikuwa ndogo. Saa mia kadhaa tulizozitumia kujifunza hazikuandikwa popote. Zililipwa na baba yangu, na mke wangu, na mtoto wa miaka mitano aliyefundishwa kuendesha baiskeli na jirani.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kitu cha bure hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hutumiwa ovyo. Meneja anayejua kwamba zana mpya itamgharimu wiki sita za mishahara ya watu wanane atauliza maswali kabla ya kuinunua. Atauliza zana ya zamani ina ubaya gani. Atauliza hii mpya itaishi miaka mingapi. Lakini akijua kwamba watu wanane watajifunza usiku, majumbani kwao, hana sababu ya kuuliza. Atasoma habari zake katika gazeti akiwa ndani ya ndege, na Jumatatu atatuma ujumbe.

Angeuliza angejifunza mengi. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ilianza mwaka 1974, na aliyeijua wakati huo bado angeweza kula kwayo leo. C ni ya mwaka 1972. COBOL ni ya mwaka 1959, na bado iko kazini katika mabenki makubwa ya dunia. Kwa upande mwingine AngularJS ilitoka mwaka 2010, na mwaka 2016 waliokuwa wameizoea wakaletewa toleo jipya lisilopatana na la kwanza. Flash, ambayo vijana wengi waliisomea usiku na mchana, ilizimwa mwisho wa mwaka 2020. Simaanishi kwamba kila kilicho kizee ni kizuri. Clipper yangu imekufa na sikuilia. Nasema kwamba zana nyingi tulizokeshea zilikufa changa, na waliotuagiza kuzikeshea hawakupata hasara ya hata usiku mmoja.

Tena zana siyo sehemu ngumu ya kazi yetu. Fred Brooks alikwisha kulisema hili mwaka 1986: ugumu wa programu uko katika jambo lenyewe linaloandikiwa, na hakuna zana itakayouondoa kwa mkupuo. Mimi nimeandika orodha ya mishahara kwa lugha tano tofauti. Kila mara lugha niliipata baada ya miezi michache. Kilichonichukua miaka ni kuelewa namna mtu anavyolipwa: asilimia 10 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri kwenda NSSF, viwango vya kodi vinavyoweza kuguswa na bajeti kila Julai, kibarua aliyefanya kazi siku kumi na moja na nusu, mtu aliyechukua karadha ya mshahara akafariki kabla ya kuilipa. Maarifa haya hayajapitwa na wakati hata siku moja, na sikumbuki tangazo lolote la kazi lililoyauliza. Huulizwa toleo namba ngapi.

Vijana watanijibu kwamba wao wanapenda. Hawalazimishwi, wanakesha kwa raha yao. Najua. Nami nilipenda, tena sana. Bado kuna usiku naamka kujaribu jambo katika Python kwa sababu tu limenijia kichwani. Kupenda si kosa. Lakini mkulima naye anapenda shamba lake, na hatujasema kwa sababu hiyo achukuliwe gunia bure. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, hana mke, hana mgonjwa, usiku wake ni mrefu, anaweza kuutoa wote. Anayewekwa kuwa kipimo cha idara nzima ni yeye. Mwenye mtoto mchanga anaonekana mvivu, mwenye mzazi mgonjwa anaonekana amechoka, na mwenye miaka hamsini anaonekana amepitwa. Hakuna hata mmoja wao aliyepungukiwa akili. Wamepungukiwa saa za kugawa bure.

Wenye kampuni ndogo watasema hawana fedha za kulipia masomo. Sawa, basi wabadilishe zana mara chache. Fundi seremala asiye na fedha hanunui randa mpya kila mwaka kisha akamdai mwanafunzi wake ailipie.

Mimi si mwanasheria, lakini nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini mwajiri amruhusu hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Waliotunga kifungu kile walimfikiria mtoto. Sasa angalia kinachotendeka: binti yangu anapewa saa mbili mchana kwa sheria, kisha anadaiwa mbili usiku kwa ujumbe wa simu. Agizo lenye tarehe ya mwisho na la lazima kwa kila mtu ni agizo la kazi, hata likitumwa saa tatu na nusu usiku, hata likipewa jina la masomo.

Wapo wanaosema kwamba akili mnemba itatupunguzia haya yote. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 nimesikia kila wiki kwamba kazi sasa imekuwa rahisi. Nami nimeitumia, na inasaidia kweli. Mbona basi masomo kumi na manne? Nilimwuliza binti yangu zana ya mwaka jana iliishia wapi, ile aliyoisomea akiwa na mimba. Akasema kampuni iliacha kuilipia mwezi wa tatu.

Nilimshauri aandike barua. Kwanza alikataa, akasema ataonekana mkorofi. Jumapili alikuja na mtoto, akaniachia nimbebe, akakaa mezani akaiandika kwa muda wa saa nzima. Ina mistari minane. Anaomba alasiri ya Ijumaa kwa wiki sita, ndani ya saa za kazi, kwa idara nzima, na anauliza kwa heshima zana hii inatarajiwa kutumika kwa muda gani. Wenzake wanne wametia sahihi, watatu wamesema watafikiri. Ilipelekwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi na haijajibiwa.