Usinunue taa kwa mwanga wa dukani!

Kuna kitu kimenikaa rohoni, kwa hiyo wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele naviweka kando. Nataka tuzungumzie taa.

Usicheke! Najua kuna anayesema, "Huyu naye kaishiwa, taa nazo ni kitu cha kuandika gazetini?" Ngoja nikupe mkasa kwanza, halafu utaniambia kama nimeishiwa au la.

Mimi jioni nikishamaliza haya makaratasi yangu huwa nakwenda kumsaidia mama mdogo. Ana meza yake ya chipsi na samaki wa kukaanga huku kwetu Tandika, kando ya barabara. Anaanza saa kumi na mbili jioni, anafunga saa sita usiku. Lakini kufunga kwenyewe siyo kuzima jiko na kuondoka! Kuna mafuta ya kumimina kutoka kwenye karai, kuna miiba ya samaki na maganda ya viazi ya kuzoa, kuna vijiti vya mishikaki, kuna meza ya kuosha na kufagia mpaka kwenye mtaro. Ukiacha uchafu, asubuhi wanakuja wenye kazi yao na kitabu cha faini. Usafi huo unakula kama saa nzima, na saa hiyo maduka ya jirani yameshafungwa, taa zao zimezimwa, mmebaki nyie na giza lenu.

Basi mwaka jana nikajifanya mtoto wa mjini. Nikaingia duka moja nikanunua taa ya LED ya kuchaji, boksi lake limeandikwa wati 500 kwa maandishi mekundu. Muuzaji akaiwasha mbele ya macho yangu, nikaona nyota mchana. "Kaka, hili ni jua hili!" akaniambia. Nikatoa hela bila kuuliza swali hata moja. Mama mdogo alipoiona akanibariki mpaka nikaona aibu.

Saa moja usiku, mwanga kama wa uwanja wa mpira. Saa mbili, bado bomba. Saa tatu ikaanza kulegea. Saa sita ilipofika ilikuwa kimulimuli, tena kimulimuli mwenye njaa.

Sasa hapo ndipo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipokuwa anamimina mafuta ya moto kwenye sufuria. Amebana simu kwa meno ili tochi yake immulikie, mikono yote miwili imeshika karai. Kivuli cha karai kikafunika sufuria. Akadhani amelenga. Mafuta yakapita pembeni yakaishia juu ya mguu wake.

Sitaki kukumbuka ule ukelele. Tulimwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, halafu bodaboda mbio mpaka zahanati. Wiki tatu hakuvaa kiatu, wiki tatu hakwenda shule. Mama mdogo hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana, maana taa ile nilinunua mimi.

FUNDI ANIFUNGUA MACHO

Nikaibeba taa yangu nikaipeleka kwa mzee mmoja hapa mtaani, fundi wa redio. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba huku tayari ameshashika bisibisi. Alipoifungua, ndani kulikuwa na betri moja tu, ukubwa wake kama kidole gumba! Mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe ulinunua mwanga wa dukani. Mwanga wa saa sita usiku hukununua."

Neno hilo ndilo nataka ulibebe leo. Kwenye biashara ya usiku, kazi ya hatari zaidi inakuja mwisho: mafuta ya moto, visu, chupa zilizopasuka, mtaro. Na mwisho ndipo betri inakuwa hoi na wewe mwenyewe umechoka. Kwa hiyo taa inunuliwe kwa saa ya mwisho, siyo kwa saa ya kwanza.

Utaijuaje? Chukua kalamu, hesabu zenyewe ni za darasa la tano.

Kwanza achana na neno "wati 500" kwenye boksi. Wati ni umeme unaoliwa, na mwanga unapimwa kwa lumeni. Globu ile ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800. LED inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja inayokula. Sasa kama kataa kako ka mkononi kangekuwa na wati 500 za kweli, kangetoa lumeni 50,000 na kangeunguza vidole vyako. Hayo ni maandishi ya kukufunga changa la macho.

Kwa meza ya chipsi, lumeni 500 zinatosha kabisa. Hiyo ni taa inayokula wati 5 hivi.

Pili, hesabu masaa. Sisi tunauza masaa sita, usafi saa moja, jumla masaa saba. Wati 5 mara masaa 7 ni wati-saa 35. Ongeza kama robo, kwa sababu umeme mwingine unapotea njiani na betri inazeeka. Tunafika kama wati-saa 44.

Tatu, uliza betri. Chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa volti 3.7 za betri ya lithium, gawa kwa 1,000. Betri ya mAh 3,000 inakupa wati-saa 11. Kwa hiyo sisi tunahitaji betri nne za aina hiyo. Yangu ilikuwa nayo moja, tena mzee alipoipima aliikuta na mAh 1,500 tu. Hapo hata malaika asingeifikisha saa sita!

Na uwe macho na feki. Ile betri ya kidole gumba inaitwa 18650, maana upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Nzuri kabisa zinaishia kama mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, irudishe kwenye kabati lao, aga kwa heshima, toka.

VIPI KUHUSU ZA SOLA?

Wapo wanaosema, "Mimi nanunua ya sola, nasahau kuchaji." Ndugu yangu, tizama kile kipande cha sola kilichobandikwa juu ya taa. Kikiwa cha wati 1, jua kali la masaa matano litakupa wati-saa 5, tena ukiwa na bahati. Sisi tunataka 44. Kile kipande ni cha kukusogeza siku ya dharura, siyo cha kuendeshea biashara. Ukitaka sola ya kweli, nunua paneli yake kubwa pembeni.

Kuchaji kwa umeme wa nyumbani wala kusikutishe. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Taa ya wati-saa 44 unaijaza karibu mara 20 kwa uniti moja. Kinachomaliza uniti zako ni pasi na friji, taa unaisingizia.

MAJI, RANGI NA WADUDU

Biashara ya nje ina mvua na ina maji ya kuoshea. Tafuta herufi IP kwenye boksi. IP44 inavumilia matone na manyunyu. IP65 haipitishi vumbi na inavumilia maji ya mpira. Kama wewe unaosha meza kwa ndoo, au masika hayakufungi nyumbani, chukua IP65. Kama hakuna herufi hizo kabisa, ichukulie taa hiyo ni ya chumbani.

Halafu rangi. Hivi unajua kwa nini LED nyingi zina weupe wa bluu? Mwanga mweupe wa LED unaanzia kwenye bluu, kisha unapitishwa kwenye unga wa njano ndipo unageuka mweupe. Ile LED ya bluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi, mpaka Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipatia, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa hiyo heshima yao, lakini meza ya samaki haitaki bluu! Ukimulika samaki kwa weupe wa bluu anaonekana kama amekufa mara mbili, mteja anapita. Chukua ya manjano kidogo, iliyoandikwa 3000K mpaka 4000K. Ile ya 6500K waachie wengine.

Faida nyingine, mwanga wa manjano unavuta wadudu wachache kuliko ule wa bluu. Wakati wa kumbikumbi utanishukuru.

Dukani usiikodolee macho taa yenyewe. Mulika kiganja chako na uangalie ngozi. Kama kiganja kinaonekana cha maiti, na samaki wako ataonekana hivyo hivyo. Halafu mwombe muuzaji aiache inawaka kwa nguvu zote nusu saa huku wewe unakunywa soda. Ikianza kulegea kabla soda haijaisha, lipia soda tu.

IWEKWE WAPI?

Wengi tunaweka taa moja nyuma ya mgongo wa mpishi. Matokeo yake mpishi anajiwekea kivuli mwenyewe, na kivuli ndicho kilichomuunguza mdogo wangu. Taa mbili ndogo, moja kila upande, ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu hii inafuta kivuli cha ile. Zitundike juu kidogo ya kichwa, zitazame chini kwenye karai, zisiwapige wateja machoni. Taa yenye kulabu au sumaku itakurahisishia, unaining'iniza kwenye chuma cha mwavuli.

Ila iwe mbali na jiko. Betri ya lithium na joto ni maadui, na nyingi hazitakiwi kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45. Usiichaji juu ya godoro, wala usiku kucha mmelala. Ikivimba kama andazi, acha kuitumia hapo hapo. Usiitoboe, na usiitupe kwenye taka zinazochomwa moto, italipuka. Mpelekee fundi anayejua pa kuipeleka.

TAA YA USAFI

Nimeliacha hili mwisho makusudi. Kwa usafi wa usiku nunua taa ya pili, ile ya kuvaa kichwani. Lumeni 200 zinatosha, bei yake ni ndogo na betri yake ni ndogo, kwa sababu inafanya kazi saa moja tu. Mikono yote miwili inabaki huru, na kila unapogeuza kichwa mwanga unakufuata: mtaroni, chini ya meza, ndani ya sufuria. Hakuna tena kubana simu kwa meno!

Sharti ni moja. Taa hiyo isiguswe kabla ya kufunga. Asije mteja akaazima kutafutia hela aliyodondosha, asije jirani akaenda nayo chooni. Ikifika saa sita inatakiwa iwe imejaa, kama mchezaji wa akiba anayeingia dakika za mwisho na miguu mipya.

Siku hizi pale kwetu zipo mbili za manjano juu na ya kichwani moja, imetundikwa kwenye msumari. Zote pamoja zilinigharimu zaidi ya lile "jua" langu, siwezi kudanganya. Lakini nikipiga hesabu ya dawa za kidonda, nauli za zahanati na wiki tatu za shule, lile jua ndilo lilikuwa ghali.

Mdogo wangu amepona. Kovu limebaki juu ya mguu, rangi yake tofauti. Kila tukifunga, mama mdogo anamvalisha ile taa yeye mwenyewe, anamkaza mkanda kama anayemfunga mtoto kofia, halafu anasema, "Haya baba, mimina taratibu." Mimi huwa najifanya nafagia upande wa pili.

Biashara za koroboi na karabai zimekwisha, mafuta ya taa hayatumwagikii tena. Lakini giza ni lile lile, na mafuta ya karai ni yale yale. Kwa hiyo kabla hujatoa noti zako dukani, jiulize swali moja tu: hii taa itakuwaje saa sita usiku?

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu, na nitakuwa na swali zito: mchumba anayekopa hela ya bando kila Ijumaa na kurudisha Jumatatu, je, anakupenda au amekugeuza benki? Usikose!