Pesa ya Kuonyesha Itakufungia Mlango Miaka 10

Wiki jana ajenti mmoja wa hapa Meru mjini alinitumia meseji. Anataka video tatu fupi, nicheke kidogo, niseme viza ya Uingereza ni rahisi ukiwa na watu wanaojua njia. Elfu ishirini, kwa M-Pesa. Sijamjibu. Najibu hapa, kwa sababu mwaka jana mwingine alinitumia meseji kama hiyo na mimi nikakubali.

Wacha niseme wazi kinachouzwa. Kinaitwa pesa ya kuonyesha. Unalipa ajenti, anakukopesha mamilioni yalale kwa akaunti yako kwa muda, halafu anayatoa. Au mbaya zaidi, anakuchapishia stetimenti ambayo benki yenyewe haijawahi kuiona. Watu wanaongea hii kitu ndani ya matatu ya Embu kuja Meru bila hata kupunguza sauti, kama vile wananunua kredo.

Sasa angalia sheria yenyewe, maana wengi hawajawahi kuisoma. Uingereza inataka uonyeshe karo iliyobaki ya mwaka wa kwanza, na juu yake pesa ya kuishi. Januari 2025 walipandisha hiyo ya kuishi hadi pauni 1,136 kwa mwezi ukiwa nje ya London, hadi miezi 9. Piga hesabu ya mwaka huo: pauni 10,224. Hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na karo bado. Zinakaa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti iwe yako au ya mzazi wako, na kama ni ya mzazi unaweka cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Akaunti ya mjomba haikubaliki. Hati ya shamba la babu haikubaliki. Hisa pia hapana.

Soma hiyo tena ukiwa umekaa Laare ama Maua. Pesa ya miraa ni noti mkononi, inaingia asubuhi na kufikia jioni imeshalipa vibarua na karo ya mtoto mwingine. Mbeere, muguka ni hivyo hivyo. Kahawa na majani chai angalau zina risiti, lakini bonasi inakuja ikiwa tayari ina deni. Mzee anaweza kuwa na mali ya kusomesha watoto wanne na asiwe na karatasi moja ya kuthibitisha. Na nchi inayomuuliza pesa zake ziko wapi ndiyo ile ile iliyopiga marufuku miraa yake Juni 2014! Nikifikiria hiyo nakasirika, sitaficha.

Lakini hasira haitakaa siku 28 kwa akaunti.

Mtaniambia kila mtu anafanya, na kuna watu wako Leicester saa hii wanaposti theluji. Sawa. Walionyimwa hawaposti. Wakigundua stetimenti ni feki, ombi lako linakataliwa kwa udanganyifu, na unaweza kufungiwa miaka 10. Kanada ni miaka 5. Haijalishi nani alijaza fomu, tamko la mwisho ni lako na jina ni lako. Ajenti hana jina lolote pale. Yeye kesho anabadilisha laini na kuhamisha ofisi ghorofa ya juu.

Na hata ukipita, je? Ile pesa haikuwa ya kumfurahisha mzungu, ni kodi yako ya nyumba na unga wako. Wajerumani angalau hawafichi: wanataka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, ukifika unaachiliwa 992 kila mwezi, ndiyo hiyo unakula. Wewe wa pesa ya kuonyesha unashuka ndege na mfuko mtupu, deni la ajenti nyumbani, na viza inayokuruhusu kufanya kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Kaa na hiyo hesabu.

Halafu sisi wenyewe tuna shida moja inaniudhi kuliko ajenti. Harambee tunafanya mwisho! Tiketi imekatwa, hema limekodishwa, mheshimiwa amealikwa, ndio tunachanga. Hiyo pesa ilihitajika miezi mitatu nyuma. Mjomba haruhusiwi kuonyesha akaunti yake, lakini hakuna anayemkataza kukupa zawadi ikaingia kwa akaunti yako mapema, ikakaa, ikawa yako kweli. Weka orodha ya waliochanga, weka rekodi. Kama haitoshi, ahirisha hadi mwaka ujao. Najua kuahirisha ni aibu kijijini, watu washaanza kukuita wa ulaya.

Na mzigo wa karatasi zingine beba mwenyewe. Pasipoti unaomba eCitizen, Embu kuna ofisi ya Uhamiaji. Alama za vidole za cheti cha tabia njema zinachukuliwa Huduma Centre. Kipimo cha kifua kikuu ni kliniki ya IOM, Nairobi. Fomu ya viza iko kwa intaneti, Kiingereza cha kawaida tu. Usikabidhi mtu, hata mkubwa. Uasin Gishu wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti wenyewe, watoto waende Ufini na Kanada. Mwaka wa 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao.

Sasa ile video ya mwaka jana. Kuna msichana wa upande wa Runyenjes aliiona akaenda kwa yule ajenti. Ameniambia mwenyewe, na hakunitukana, afadhali angenitukana. Mama yake aliuza ng'ombe wawili kulipa. Stetimenti ilikuwa na jina la mama na milioni ambazo mama hajawahi kuzishika. Barua ya kukataliwa imeandikwa udanganyifu. Ana miaka 20.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa kupenda kwangu, na nikitaka nitarudi. Yeye alikuwa anataka kusoma uuguzi.

Video nimeitoa. Nililipwa elfu nane, nimemtumia mama yake. Haifikii hata bei ya ndama.