Kodi ambayo TRA hawaikusanyi

Wadau, leo naomba niseme habari za jikoni. Najua wapo watakaosema, "Mwandishi mzima anatuandikia habari za oveni!" Nivumilieni. Serikali imeshasema tuache mkaa na kuni tuhamie nishati safi, kwa hiyo habari za oveni sasa ni habari za taifa.

Kuna kodi tunayolipa hapa mjini ambayo haina risiti ya EFD wala haisomwi kwenye bajeti ya Juni. Mafundi wenyewe wanaiita hivyo hivyo: kodi. "Oveni yako imeleta kodi." Maana yake, kwenye kile kioo kidogo pametokea herufi na namba, mathalani F3 au E2, mashine inapiga kelele na haipiki tena. Aliyeitengeneza anajua maana ya namba ile. Aliyekuuzia pengine anajua. Wewe uliyetoa fedha yako hujui, na kutojua kwako ndiko kunakotozwa. Mimi msimamo wangu ni mmoja: maana ya namba ile ni mali ya mwenye oveni, na duka lisilotaka kumpa halina haki ya kumuuzia.

Mfano ninao nyumbani. Dada yangu anaoka keki za oda, na tunakaa mtaa usio mbali na soko la Kariakoo. Oveni yake ni ya umeme, ya kilowati mbili na nusu. Aliinunua mpya dukani miaka miwili iliyopita, na dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja. Alhamisi moja ikaandika F3, huku kuna keki tatu za sendofu za Jumamosi zinasubiri na fedha ya watu imeshaliwa kwenye unga na siagi. Ijumaa asubuhi akaja fundi aliyetumwa na duka. Hakufungua hata skrubu moja. Alitazama kioo, akapiga simu, kisha akasema, "Dada, bodi imekufa. Mpya ni laki tatu na nusu, na lazima iagizwe nje, wiki sita. Bora ununue oveni nyingine tu."

Nikamuuliza, "Kaka, hii F3 maana yake nini?"

"Hayo ni mambo ya ndani ya kampuni."

Akachukua elfu thelathini yake ya kuja, akaondoka.

Sasa tuyaangalie hayo "mambo ya ndani ya kampuni" ni kitu gani hasa. Ndani ya oveni nyingi za kisasa, kwenye ukuta wa nyuma, kuna kijiti chembamba cha chuma kimechomoza. Hiyo ndiyo sensa ya joto (si ile ya kuhesabu watu!). Joto likipanda, ukinzani wa umeme ndani ya kijiti unapanda nao. Aina moja inayotumika sana ina omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, na inaongezeka karibu omu 3.85 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo kwenye joto letu la Dar la nyuzi 30, kijiti kizima kinatakiwa kusoma kama omu 1,115. Bodi inaisoma namba hiyo muda wote. Kijiti kikikatika ndani, bodi inaona ukinzani usio na mwisho, namba isiyoingia akilini, basi inazima vipasha moto na kuandika namba ya hitilafu.

Umeona hapo? Bodi inayolalamika kwamba sensa imekatika ni bodi iliyo hai, inafanya kazi yake sawasawa. Kuihukumu kifo kabla ya kupima chochote ni sawa na kumfunga shahidi na kumwacha mwizi aende zake.

Jioni ile ile tukamleta mzee mmoja wa upande wa Gerezani, anayetengeneza pasi, feni na majiko. Huyu hakuzima swichi ya ukutani tu, alikwenda kuzima meni swichi kabisa. Akavuta oveni, akafungua bati la nyuma, akachomoa waya za kijiti na kuweka mita. Mita haikusoma kitu. Akapima waya kutoka pale hadi kwenye bodi, ziko salama. Akarudi kijiweni, akaleta kijiti kizima cha aina ile ile kutoka kwenye oveni chakavu, akakipima mbele yetu kabla ya kukifunga. Elfu ishirini ya spea, elfu kumi na tano ya kazi. Usiku ule keki ziliokwa.

Bodi laki tatu na nusu, kijiti na ufundi elfu thelathini na tano. Tofauti ni shilingi 315,000. Hiyo ndiyo kodi ninayoisema, na hapo sijahesabu wiki sita za kukaa bila kazi wala wateja ambao wangehama.

Lakini msinielewe vibaya, sikuja hapa kusifia ujanja wa mtaani. Nilimuuliza yule mzee kama alijua F3 ni nini. Akaniambia, "Mwanangu, F3 ya hawa siijui. Mimi najua oveni ikigoma kupasha, unaanza na kijiti." Yaani alifika kwa uzoefu, gizani. Na giza lenyewe limetengenezwa na watu, kwa sababu kila kampuni ina namba zake. F3 ya huyu ni sensa, F3 ya yule ni kitu kingine kabisa. Uzoefu ukikosea, fundi atabadilisha vitu vitatu vizima kabla hajafika kwenye kibovu, na vyote utavilipia wewe.

Wapo watakaosema teknolojia ndivyo ilivyo, haiwezekani namba ziwe wazi. Uongo! Tazameni magari. Marekani ililazimisha magari yote mapya ya abiria, kuanzia matoleo ya mwaka 1996, yawe na tundu moja la kusomea hitilafu na namba za pamoja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana P0115 ni hitilafu kwenye mfumo wa sensa ya joto la maji ya injini, liwe gari la Mjapani au la Mjerumani, na kijana wa gereji mwenye kimashine cha kusomea anakwambia hapo hapo. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa huruma. Sheria iliwashika mkono. Na kwa vyombo vya nyumbani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Julai 2024: kifaa cha bei ya jumla ya dola 100 au zaidi, mtengenezaji lazima atoe spea, vifaa na maelezo ya ufundi kwa miaka 7 tangu aache kukitengeneza. Kama maelezo hayo yanaweza kutolewa kule, kwa nini hapa yawe siri?

Hoja nyingine ya wenye maduka ni usalama. Wanasema umeme unaua, kwa hiyo watu wasipewe maelezo. Kweli umeme unaua. Kilowati mbili na nusu si mchezo, na asiyejua kutumia mita asiguse nyuma ya oveni. Lakini je, siri inamzuia nani? Mtu mwenye njaa na oda mkononi atatafuta fundi tu. Fundi asiye na maelezo ndiye anayeunga waya moja kwa moja kuiruka sensa, oveni ikawa haijui tena joto lake. Siri ndiyo inayoleta moto.

Na mafundi wetu nao niwaambie ukweli. Wapo wanaotangaza kifo cha bodi kabla ya kufungua begi. Huko ni kupiga ramli. Fundi asiyepima hana tofauti na daktari anayeandika dawa akiwa mlangoni.

Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 nalo lipo. Lakini mama aliyeacha mkaa akanunua jiko la umeme, likafa kwa namba asiyoielewa na akaambiwa anunue jingine, unadhani atarudi wapi? Atarudi kwenye gunia. Mkakati utakuwa umeshindwa na kijiti cha elfu ishirini.

Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003, na tuna FCC na TBS. Wanapambana na bidhaa bandia, hongera zao. Waongeze mambo mawili: kila chombo cha umeme cha jikoni kiingie nchini na orodha ya namba zake za hitilafu kwa Kiswahili, na mwagizaji awe na spea za kuuza kwa mtu yeyote. VETA nao wapewe orodha hizo wafundishie. Haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, ni karatasi moja ndani ya boksi!

Wakati tunasubiri, msomaji, mambo ni matatu. Kabla hujalipa dukani, uliza orodha ya namba iko wapi. Ikikosekana, uliza spea. Zikikosekana, beba fedha yako uvuke barabara, Kariakoo maduka hayaishi. Na fundi akikwambia bodi imekufa, mwambie aweke mita kwanza.

Nawasilisha.