MAMBO YA MJINI: Haya ya Siku ya Jumanne

Jumamosi jioni mlevi wa Dandora hupita njia kuu akipepesuka, akaimba, akagombana na kondakta wa matatu, na pengine akalala mtaroni mpaka alfajiri. Mtaa mzima humwona, na watoto humfuata nyuma kwa kicheko. Mtu huyo huyo, akiambiwa siku ya Jumanne kwamba upo mkutano wa watu walioacha pombe katika chumba cha kanisa, hujibu: "Je, nikionwa nikiingia?" Haya yake imekuja kwa wakati usio wake.

Kwa hakika Dandora si mahali pa siri. Mtaa huo ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja kiasi cha 6,000 viligawiwa watu wa kipato kidogo wajijengee. Aghalabu vyumba vya wapangaji huelekeana juu ya ua mmoja wenye bomba moja. Basi jirani amekwisha kujua ni nani arudiye bila mshahara, na ni mke gani aliyekopa unga.

Mikutano inayosemwa hapa ni ya chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, ama AA kwa ufupi, maana yake walevi wasiotajwa majina. Mwanzo wake wafaa kukumbukwa na kila aonaye haya ya kuuliza. Mwezi wa Mei 1935 Bwana Bill Wilson, mfanya biashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta peke yake katika hoteli ya mji wa Akron, Marekani. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Badala ya kuingia baa alishika simu, akawapigia viongozi wa dini akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutana na Daktari Robert Smith. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa ya kuzaliwa kwa chama.

Mkutano wenyewe si hukumu wala mahubiri. Watu huketi, mmoja huongoza, na atakaye kusema hutaja jina lake la kwanza, kisha husimulia jinsi pombe ilivyomtenda na jinsi anavyopitisha siku bila hiyo. Asiyetaka kusema hunyamaza. Hakuna ada; kikapu hupitishwa kwa hiari kwa ajili ya kodi na chai. Sharti la kuingia ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna kiapo cha maisha. Mtu hujitahidi kwa siku ya leo, na kesho hujitahidi tena.

Jinsi ya kuupata? Mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ina simu nambari 1192 isiyotozwa malipo. Yafaa kuuliza huko, au katika kituo cha afya, au kwa padre na mchungaji. Anayeuliza aulize mambo yote mara moja: siku na saa, lugha itumikayo, na kama mkutano ni wa wazi, ambao mke au ndugu aweza kuhudhuria, ama ni wa walevi wenyewe. Amwogopaye jirani na aende mkutano wa mbali, mjini. Atasema nauli ni ghali. Lakini nauli ya kwendea kegi haijapata kumshinda.

Jambo moja lisichukuliwe kwa wepesi. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikate pombe ghafula bila kuonana na daktari. Katika siku za kwanza mwili waweza kutetemeka, macho yakaona visivyokuwapo, na kifafa kikampata mtu hata akafa. Hospitali ya Mathari, kando ya Barabara ya Thika, hutibu wagonjwa wa namna hiyo. Baadhi ya jamaa humfungia mlevi chumbani "mpaka imtoke", nao hudhani wamemwokoa. Kungoja nako kuna hatari yake: mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, hasa katika vijiji vya Mukuru, kwa kunywa kumi kumi iliyotiwa methanoli, sumu iliyowapofusha wengine.

Na mke je? Wapo wanawake wanaoficha chupa, wanaodanganya kwa mwajiri kwamba bwana ana malaria, na wanaolipa deni la baa kwa fedha za karo. Tangu mwaka 1951 kipo chama cha jamaa za walevi, Al-Anon, chenye mikutano yake mbali na ile ya walevi. Mke aweza kuulizia mikutano hiyo hata kama mumewe hajakubali lolote.

Mkutano wa kwanza aghalabu hauna ladha. Mgeni huketi karibu na mlango, huangalia saa, na pengine akitoka hupitia baa. Akirudi juma lifuatalo na kukiri kwamba alikunywa, hatozwi faini wala hafukuzwi. Huanza tena kuhesabu kutoka siku ya kwanza, na aliyeketi karibu naye humwuliza kama atakuja Alhamisi.